Mtandao Usio na Mwenyewe

Mwadhini wa msikiti wetu wa Wiyoni alikuwa hapendi kushukuriwa. Ukimwambia ahsante, alikunja uso kama mtu aliyeingiwa na moshi machoni, akatafuta pa kutokea. Kutoa alitoa sana, ila alitaka kitu kifike na yeye asionekane. Nijuavyo mimi, hakuna jambo lililomtia hofu duniani kuliko watu kujua kwamba ndiye.

Alikuwa na hila nyingi za kujificha, na iliyonipendeza zaidi ni ile ya punda. Mtaani kwetu kulikuwa na mjane ambaye punda wake alikodishwa kubeba mchanga wa ujenzi. Kazi ikiisha, mnyama alirudi nyumbani peke yake, maana punda wa kisiwa chetu cha Amu hawahitaji kuonyeshwa njia. Mwadhini alimvizia kwenye uchochoro usiopita watu wengi, akamtwika mfuko wa unga na chupa ya mafuta, akampiga kikofi cha mgongo na kumwambia, "Haya, nenda kwenu." Mjane akifungua mlango alikuta punda amerudi na posho. Watu walibishana sana juu ya jambo hilo. Wako waliosema ni jini Mwislamu. Mimi nilimwona siku moja nikiwa juu ya dari la nyumba yetu ninaanika nguo. Aliinua macho, akaniona, akaweka kidole mdomoni. Mimi tangu utoto ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo nilinyamaza bila taabu. Nadhani ndiyo sababu baadaye alinichagua mimi.

Sisi vijana tulimwita Maalim, kwa kuwa wengi wetu alitufundisha alifu zamani alipokuwa na chuo cha Kurani. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye ndevu chache ambazo alizichana kwa vidole. Adhana yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Umeme ukikatika na kipaza sauti kikafa katikati ya adhana, waliokuwa mbali hawakujua kama kimekufa. Lakini akizungumza na mtu ilibidi umsogelee, maana alinong'ona. Alisema, "Sauti ya kupaza nimemwekea Mola wangu. Hii nyengine ndiyo yenu, tosekani nayo."

Kazi yake ya mkono ilikuwa kushona kofia. Alishona akiwa amekaa, alishona akisubiri wakati wa swala, na nasikia alishona hata chomboni akienda Manda kumpokea mgeni. Hasira zake zilikuwa za mambo madogo. Viatu vilivyotupwa mlangoni bila mpango vilimkera kuliko matusi. Na simu ikilia ndani ya swala, baada ya salamu aligeuka taratibu na kusema, "Hapa kuna mtu amealikwa na Mwenyezi Mungu, naye amekuja na mwimbaji wake." Mwenye simu alitamani sakafu ipasuke.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyetuletea mtandao.

Simu yake kubwa alipewa na binti yake aliyeolewa Kizingitini, ili amwonyeshe wajukuu kwa video. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Aliiita "huyu bwana". Chaji ikipungua alisema, "Huyu bwana ana ndaa," kwa Kiamu chake cha zamani, na watoto wa siku hizi wanaosema njaa walimcheka kwa mapenzi.

Nyuma ya msikiti kuna nyumba ya wageni. Waifai yake ilivuja ukutani, na sisi tusiokuwa na bando tulichutama chini ya ukuta huo kuiokota. Mmoja alitafuta kazi, mwingine alisomea mtihani, mwingine alitaka mpira tu. Alasiri moja mlinzi alitumwagia ndoo ya maji ya deki kutoka juu. Mwadhini alikuwa akipita. Akasimama.

"Mwatafuta nini hapo ukutani, nyinyi?"

"Mtandao, Maalim," akajibu rafiki yangu mcheshi, akikamua shati. "Leo wametupa na wa kuogea."

Wote tulicheka. Yeye hakucheka. Alimtazama mlinzi juu kule, akatutazama sisi tulivyolowa, akaenda zake.

Kesho yake aliniita pembeni kwa Kiamu chake, ambacho njoo ni ndoo. "Ndoo hapa. Huyu bwana wangu, aweza kuwamiminia wenziwe?"

Nikamwambia aweza. Yaitwa hotspoti. Simu yake itatoa mtandao kama inavyotoa nyumba ya wageni, na bando lake ndilo litakalotumika.

"Na wao watajua kuwa ni langu?"

"Wataona jina utakaloupa, Maalim."

Tuliketi katika chumba kidogo anamoweka mikeka. Nikafungua mipangilio, nikaingia sehemu ya mtandao, nikaipata hotspoti. Jina lilikuwa lile la kiwandani, herufi na tarakimu zisizo na maana. Akaniambia niandike jina la msikiti. Nikamtazama. "Msikiti haushukuriwi," akasema.

Kisha simu ikataka paswadi. Nikamweleza kuwa ni ufunguo, herufi nane au zaidi, ili asiingie kila apitaye. Mwadhini akanionyesha birika la kutilia udhu kupitia mlangoni.

"Waona kufuli pale?"

"Sioni."

"Aliyelijenga alikufa kabla babu yangu hajazaliwa, na hajapata kurudi kuuliza ni nani atumiao mai yake. Hii nami nimeiweka wakfu. Wakfu haufungwi."

Sijui kubishana na wakubwa, lakini siku hiyo nilijitahidi. Nikasema, "Maalim, hata mwizi ataingia."

"Mwizi naye hutia udhu," akanijibu.

Basi nikauacha mtandao wazi. Akanishika mkono, akasema siri hiyo ni ya watu wawili, na nikasema inshallah.

Aliiweka simu katika kidaka cha ukuta wa chumba kile, karibu na dirisha linaloelekea barazani. Chaji aliitoa kwao. Umeme wa msikiti hakuugusa hata mara moja. Alisema, "Watu wameutoa kwa taa za swala, hawakuutoa kwa mpira." Basi ungemwona akija Adhuhuri, mfuko wa kanzu umemning'inia upande mmoja kwa uzito wa pawabenki. Siku za joto kali simu ilichemka, naye akailaza juu ya kifuniko cha mtungi wa maji ipoe, akiipepea kwa kofia ambayo hajaimaliza. Kabla ya kila adhana aliuzima mtandao. Barazani mmoja wetu alisema, "Msikiti umevuta pazia," tukajua wakati umefika. Vijana walidhani kamati ndiyo iliyoweka. Wazee wa kamati hawakuwa watu wa kutafuta waifai, kwa hiyo hawakujua lolote. Mwadhini akiulizwa, alijibu, "Kheri ni kheri," na uongo hakusema.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Rafiki yangu mcheshi alipata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya Manda, na tangazo aliliona pale pale barazani. Alipokuja kutuaga alipiga kelele, "Mungu ambariki aliyeweka mtandao huu!" Mwadhini alikuwa mlangoni akipanga viatu. Aliitikia amina kama watu wengine wote, tena ya chini.

Lakini kitu kisicho na mlango hujaa. Kwanza waliingia mafundi wa jengo la jirani, na bando likawa linakwisha kabla ya Adhuhuri. Kisha wakaja vijana wa mitaa mingine, waliogundua kwamba hapa hakuna mtu wa kuuliza. Hao hawakutafuta kazi wala masomo. Walikuwa wakibeti. Walikaa karibu na birika, wakapigiana makelele bao likifungwa ng'ambo ya dunia, na miguu yao ilikuwa juu ya mawe ambayo watu hutilia udhu.

Nikamwambia Mwadhini, "Maalim, tutie ufunguo."

"Watachoka," akasema, lakini sindano yake ilikwenda upesi kuliko kawaida.

Hawakuchoka. Ijumaa moja katibu wa kamati alikuwa akisubiri hotuba, akafungua simu yake aizime, na mbele ya macho yake likatokea jina la msikiti. Akaligusa, likamkubali bila kumuuliza. Alipotoka nje baada ya swala alimkuta kijana mmoja karibu na birika, simu mkononi, amejaza mkeka wa kamari kwa mtandao huo huo. Katibu akauliza kwa sauti ni nani aliyebandika jina la nyumba ya Mungu kwenye kamari. Watu wakanitaja mimi. Mimi ndiye niliyezoeleka pale kutengenezea watu simu zao.

Niliitwa mbele ya wazee baada ya Alasiri. Waliketi kwenye mkeka, nami nikakaa mbele yao. Mwadhini alikuwa pembeni, mgongo kwenye nguzo, akishona.

"Kijana," alianza katibu, "mtandao huu ni wako?"

"Si wangu, Bwana."

"Ni nani aliyeutengeneza?"

"Ni mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

Nikanyamaza.

"Twakuuliza."

Nikaangalia mkeka. Mimi niliishia darasa la nane, na hata darasani nilikuwa nikijua jibu nikashindwa kuinua mkono. Lakini siku hiyo sikushindwa. Nilikuwa nimeahidi.

Mzee mmoja akasema, "Huyu si bubu, ni mjanja. Wacheza kamari hawakosi kumtia kitu mkononi."

"Na babake alikuwa mtu wa safu ya mbele!" akasema mwingine. "Huyu ametoka wapi?"

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alinipa nafasi tena, na tena. Mwishowe akasema kwamba kama sitasema, Ijumaa ijayo jina langu litatajwa mbele ya jamaa wote, ili wazazi wawalinde watoto wao. Nikamfikiria mama yangu. Wiyoni si mtaa mkubwa. Jina likishatajwa msikitini kwa jambo kama hilo, halisafishiki. Hakuna atakayekupa kazi, na ukipeleka posa utarudishiwa mlangoni. Nilitamani Mwadhini aseme, na papo hapo nilitamani asiseme, kwa sababu nilijua litakalomfika.

Nikatazama pale kwenye nguzo. Sindano ilikuwa imesimama.

Mwadhini akainuka. Akatia mkono sikioni, kwa mazoea yake, kisha akagundua na kuushusha. Tulitarajia atanong'ona. Alisema kwa sauti ya adhana, hata waliokuwa uchochoroni wakasimama.

"Ni wangu! Simu ni yangu, na bando ni langu. Kiyana huyu nilimfunga ulimi, naye ameulinda ulimi wake kuliko nilivyolinda mimi lango langu. Mkitaka kutaja ina la mtu, tajeni langu."

Katibu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Wewe, Bwana Mwadhini? Na kamari?"

"Kamari siijui. Nilitaka wana wa watu wasimwagiwe mai kama paka. Nikaiweka wakfu, na wakfu haufungwi."

"Lakini Bwana," katibu akasema, sasa kwa upole, "wakfu una sharti la mwekaji. Hata shamba la wakfu hutiwa ua, mbuzi wasile miche."

Mwadhini akafikiri. Akarudi kwenye sauti yake ndogo. "Hilo ni kweli. Mimi niliwasahau mbuzi."

Wazee wakacheka, yule aliyeniita mjanja akacheka zaidi, akaninyooshea mkono tukapeana. Wakamwachia adhana yake. Wakataka jina la msikiti litolewe na mlango utiwe ufunguo, basi.

Tuliifanya kazi hiyo barazani, mbele za watu, maana hapakuwa na siri tena. Jina nikaliandika Baraza. Nikachagua ulinzi ulio imara kuliko wote ambao simu ile ilikuwa nao. Mwadhini alitaka paswadi iwe jina la binti yake, nikamwambia hilo kila mtu atalibahatisha, kwa hiyo tukatunga neno refu lisilo jina la mtu, lenye herufi kubwa na ndogo na tarakimu. Nikaweka kikomo cha simu zinazoweza kuingia kwa pamoja. Nikamwonyesha mahali pa kuona waliomo, na jinsi ya kumfungia nje asiyemjua. Hapo alifurahi kama mtoto. "Kumbe huyu bwana ana bawabu wake!"

Namna ya kuigawa paswadi ilikuwa yake mwenyewe. Hakuiandika mahali, wala hakukubali mtu ampe mwenziwe. Alisema, "Mwambie aje, nimuone uso." Aliyekuja aliinamisha kichwa, na Mwadhini akamsomea neno lile sikioni, taratibu, kama anavyoadhiniwa mtoto aliyezaliwa leo. Wacheza kamari hawakupenda kuinamisha vichwa vyao, wakahama mmoja mmoja. Alikuja mmoja tu.

"Wataka ya nini?" Mwadhini akamuuliza.

"Kutafuta kazi, Maalim."

"Haya, tafuta kazi. Nami nitakutafuta wewe."

Paswadi tulikuwa tukiibadilisha kila mara, na kila tulipoibadilisha msururu wa masikio ulianza upya. Hata mimi niliinama, ingawa mimi ndiye niliyeiandika.

Bando sasa lilifika mpaka Magharibi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa Mwadhini mwenyewe. Alikuwa amejulikana. Wazazi walimsimamisha njiani. Mama mmoja alimletea mkate wa sinia. Katibu, kwa nia njema, alimwombea dua kwa jina mbele ya safu zote, na nilimwona Mwadhini akiinama mpaka kidevu kikagusa kifua. Kisha yule mjane wa punda naye akapiga hesabu zake, akaja mpaka mlangoni mwa msikiti akilia, akisema alijua, alijua siku zote hakuwa jini. Mwadhini alitoka kwa mlango wa birikani, miguu mitupu, akaviacha viatu vyake pale mbele.

Haukupita muda akasema miguu yake imechoka na ngazi. Msikiti wetu hauna ngazi. Tulimsindikiza mpaka gatini, akaenda kukaa kwa binti yake Kizingitini, na simu yake kubwa alikwenda nayo. Kijana mwingine akaishika adhana. Ana sauti nzuri, sina la kumkosoa, ila umeme ukikatika hatumsikii. Mara nyingi nimewaza kwamba jina langu lilisalimika kwa bei hiyo, na mlipaji ni yeye.

Mwaka huu nilipata kazi katika boti inayopeleka barafu kwa wanunuzi wa kamba, na safari moja ikanifikisha Kizingitini. Tulipomaliza kushusha niliketi kwenye benchi la duka moja karibu na wanapoteremshia samaki. Vijana walikuwa wamejaa hapo, kila mmoja na simu yake. Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye sauti, na juu ya meza yake kulikuwa na simu kubwa iliyochomekwa chaji, haiguswi na mtu. Nikamuuliza kijana wa karibu nami. Akasema ndiyo inayowapa mtandao. Ililetwa na boti kutoka kwa mtu wa Mombasa, na mtu huyo huwatumia bando. Hakuna anayemjua. Paswadi anayo Bi mwenye duka.

Mara nikamwona Mwadhini. Alikuwa amepungua, na mkononi ana fimbo. Alitoa salamu kwa wote, macho yake yakanifikia, yakatulia juu yangu kidogo, yakapita. Hakusimama. Alikwenda kuketi kwenye jiwe upande wa pili, akatupa mgongo, akatoa kifuani kisimu kidogo cha vitufe ambacho sikupata kukiona kwake. Akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, akisogeza kisimu karibu na jicho. Alipomaliza, ile simu kubwa juu ya meza ikalia.

Bi mwenye duka akaisoma. "Alhamdulillahi! Mtu wetu wa Mombasa ametuma tena." Vijana wakashangilia. "Na ukiipiga namba yake, imezimwa. Watu wengine Mungu amewaumba kwa udongo mwengine."

Pale kwenye jiwe, kisimu kilikuwa kimekwisha kuzimwa na kurudi kifuani. Mwadhini akainuka kwa fimbo yake, akaenda mpaka mezani, akatoa simu yake nyingine, yule yule "bwana" wake wa Wiyoni.

"Bi, niingizie na mimi hilo neno. Nataka kumuona mjukuu aliye masomoni."

"Mzee wewe!" Bi akafoka, ingawa alikwisha kuipokea simu na kuanza kuandika. "Kila siku cha watu, cha watu! Huoni haya? Wenzio angalau humwombea dua mwenyewe. Wewe hata siku moja sijakusikia ukisema Mungu amlipe."

"Midomo yangu ni mizito, Bi. Niombee wewe."

"Mchoyo mpaka wa dua!" Vijana wakaangua kicheko, na Mwadhini akacheka nao. Sikupata kumwona na furaha kama ile, si barazani kwetu, si popote. Bi akanigeukia mimi, mgeni, anitie shahidi. "Wewe watoka Amu, nasikia na huyu ni wa huko. Wamjua? Huko nako alikuwa hivi hivi?"

Mwadhini hakunitazama. Alikuwa akiangalia simu yake, lakini kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

"Simjui, Bi," nikasema.

Akageuka kuondoka. Alipopita kwenye benchi aliweka kiganja begani kwangu, akakikaza, kama mzee anayejishikiza asianguke, kisha akaenda zake.